Nondo wa Sabato

Wenzangu mlioanza shule mkiimbishwa wimbo wa Malkia na kumaliza mkiimba wa kwetu, nawaandikia nyinyi. Hawa wa siku hizi sitawaandikia, maana hawana nafasi, wanachana nywele.

Wiki chache zilizopita nilisimama mkutanoni hapa Kisii mjini, Nyanchama wangu wa miaka mitano akining'inia kwenye sketi, nikamkaripia mwenyekiti wa kamati ya stendi mbele ya watu. Kamati ilitaka kuikata miti yote ya Kichaka cha Disii ili mabasi yapate pa kusimama. Mimi nilitaka kichaka kibaki, kwa ajili ya vipepeo waliomo na nondo, wale vipepeo wakubwa wa usiku. Nilisema kwa hasira, na hasira yangu mliosoma nami mnaijua: huanza vizuri, lakini ikifika katikati husahau ilikuwa inakwenda wapi. Nikachekwa. Aliyewachekesha watu alikuwa Kemunto, tuliyesoma naye, na alikuwa na haki. Nimekaa chini niwaeleze kwa nini alikuwa na haki. Mkimaliza mnaweza kunicheka nanyi, nimeshazoea.

Kichaka chenyewe mnakikumbuka. Kilianzia pale barabara ya Daraja Mbili inapoteremka, kikashuka mpaka kijitoni. Hakikuwa msitu wa kutisha. Mtu mzima angekizunguka kabla ugali haujaiva. Tulikiita cha Disii, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwa sababu miti ilikuwa ya Serikali, na hakuna aliyethubutu kukata humo hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Kulikuwa na mikuyu mizee, na miti mingine ambayo hadi leo naijua kwa Ekegusii tu, na pembeni vile vichaka vya maua madogo ya njano na waridi ambavyo ukivunja kijiti chake mkono unanuka siku nzima. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa chungu cha maji. Tulipita humo asubuhi miguu peku, umande ukituloweka hadi magotini, na kwa kuwa shule ilikagua miguu safi, umande ule ndio uliokuwa sabuni yetu.

Saa nne jua likipenya, vipepeo walianza kazi. Mwalimu alikuwa na majina yao ya kitabuni, sisi tulikuwa na yetu. Padri alikuwa mweusi mwenye ukosi mweupe. Karani alifungua na kufunga mabawa kana kwamba anatafuta faili lililopotea. Bibi Harusi alikuwa mweupe na hakuruka moja kwa moja hata siku moja, alikwenda akiyumba kama aliyevaa viatu vya kuazima. Jani Bovu alipofunga mabawa ungeapa ni jani kavu, akifungua unaona buluu ya kukutoa machozi. Wavulana waligundua kwamba vipepeo hupenda matope yaliyokojolewa. Sisi wasichana tulisema ni uchafu, halafu tukaenda kuangalia. Walikuwa wametua thelathini, arobaini, mabawa yamesimama kama tanga la karatasi, wanakunywa.

Maisha yetu mengine yalikuwa kama yenu. Tuliteleza mteremkoni juu ya maganda ya mgomba mpaka nguo zikatoboka mahali pasipofaa kutoboka. Tulisuka mpira kwa majani makavu ya ndizi. Tulikula ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukakubali kushindwa. Mchana tulichuma pareto, yale maua meupe yenye kitovu cha njano yanayoua wadudu, tukayaanika kwenye mikeka, vidole vinawasha, macho yanatoka maji. Mama akituona tumekaa alisema, “Mtoto aliyekaa bure huwa anafikiria, na akifikiria ataniletea hasara.” Nilimdharau wakati ule. Sasa na mimi nina mtoto, na nimelirudia neno hilo mara mbili wiki hii.

Basi tukiwa darasa la tano tukaletewa mwalimu mpya wa somo la maumbile, kijana aliyechana nywele kwa mstari ulionyooka kama mfereji. Akatangaza kwamba kila mwanafunzi atengeneze ubao wa vipepeo na nondo, akiwabandika kwa miiba. Ubao utakaopendeza kuliko yote utakwenda kwenye maonyesho ya kilimo, na mwenye ubao atasimama kando yake siku nzima akiwaeleza wageni.

Mimi nilitaka kusimama. Sijui kwa nini mtoto wa miaka kumi na mmoja atake kusimama siku nzima, lakini nilitaka kuliko nilivyotaka chakula. Hata kwenye mkutano wa stendi, nikijiuliza leo, sina hakika kama si tamaa ile ile.

Mwalimu alisema tuwafungie kwenye kiberiti mpaka wafe wenyewe. Sisi watu wa pareto tulimwonea huruma kwa ujinga wake. Niliiba konzi ya maua makavu kwenye mkeka wa tata, baba yetu, nikayasaga kwa jiwe, nikaingia kichakani na unga ule kwenye kopo. Unanyunyiza kidogo juu ya ua, unangoja. Kipepeo anatua, anatetemeka, anaanguka akipiga duara. Ila unga haukuchagua. Walianguka na nyuki, na vidudu vya kijani nisivyovijua, na viwavi waliokuwa wakijilia majani yao bila kumsumbua mtu. Niliwapuuza, hawakuwa na rangi ya kufaa ubao. Padri niliua tisa, nikabandika mmoja, waliobaki nikawatupa kwa sababu bawa limechanika. Mwanamke anayewaandikia kuhusu kuhifadhi kichaka ndiye huyo.

Kemunto, jirani yangu, rafiki yangu na adui yangu, alikuwa na njia bora. Kwao walikuwa Wakatoliki na mama yake alipika busaa, pombe ya nafaka. Kuna vipepeo wakubwa, wanene, wenye mikia miwili, ambao maua hawayataki. Wao hutafuta ndizi iliyooza, mavi ya mbwa, na kwa kupenda kuliko vyote, machicha ya busaa. Kemunto aliweka machicha kwenye jani la mgomba, akakaa kando. Walikuja wakanywa wakalewa. Aliwaokota kwa vidole kama anayeokota maharagwe.

Kwetu tulikuwa Waadventista na tata alikuwa mzee wa kanisa. Nikaanza kubadilishana na Kemunto: mimi parachichi, yeye machicha. Siku moja nikaingia nyumbani na jani langu nimelificha chini ya gauni. Tata alikuwa anasoma Biblia. Akainua pua kabla ya macho.

“Moraa, unanuka nini?”

“Kipepeo, tata.”

“Kipepeo hanywi busaa.”

“Huyu anakunywa.”

Nilichapwa kwa uongo, na ule ndio ukweli pekee niliosema mwaka ule.

Mashindano yakabaki ya watu wawili. Wengine walileta panzi wawili na nzige, wakakata tamaa. Ikabaki wiki moja. Ubao wa Kemunto ulikuwa na wale wanene wenye mikia, wangu ulikuwa na aina nyingi lakini wadogo wadogo, umejaa kama kitambaa cha viraka. Nilihitaji kitu kikubwa cha kukaa katikati.

Mnakumbuka mchezo wa kumuuliza dudu njia? Ulifukua chini ya mti ukapata kile kitu cha kahawia, kigumu kama kokwa, ambamo kiwavi amejifungia akingoja kuwa nondo. Ulikishika kwa upande mnene, ukauliza, “Dudu, Nyamira ni wapi?” nacho kikazungusha mkia kikaonyesha. “Dudu, nitaolewa wapi?” Kikaonyesha. Mimi nilionyeshwa Keroka mara saba, nikaolewa hapa hapa, hatua chache kutoka kwa mama. Basi nilikuwa na dudu mmoja, mkubwa kuliko wote niliowahi kufukua, nimemweka kwenye boksi la sabuni jikoni, ndani ya udongo wenye unyevu. Kila asubuhi nilimuuliza lini atatoka. Alizungusha mkia tu.

Alitoka Ijumaa, na jua ndio kwanza linazama.

Ambaye hakulelewa kwetu hataelewa uzito wa sentensi hiyo. Ijumaa mchana nyumba ya Mwadventista ni kama nyumba inayongoja mgeni mkali. Kuni ziko ndani, maji yako ndani, chakula cha kesho kimepikwa, watoto wamesuguliwa mpaka wamebadilika rangi. Jua likigusa kilima, kazi imekwisha mpaka jua la kesho lizame. Na pale, ukingoni mwa boksi la sabuni, nondo jike alikuwa amening'inia anakunjua mabawa, mekundu ya udongo wa kuchoma, mapana kama viganja vyangu viwili, na kwenye kila bawa jicho. Nikamfuata na kopo la pareto.

“Moraa,” Mama akasema, “jua limezama.”

“Mama, ni mdudu mmoja tu.”

“Yule aliyeokota kuni jangwani siku ya Sabato naye hakuwa amebeba shehena.”

“Nitamuua kwa haraka.”

“Utamuua Jumamosi jioni. Kama wewe unaweza kungoja siku saba nguo ifuliwe, na yeye anaweza kungoja siku moja afe.”

Nikamfunika kwa kikapu cha matundu pale dirishani. Kwa huruma, au kwa woga asije akakonda kabla ya kubandikwa, nikamwekea uji. Hakuugusa. Nikaweka na ndizi mbivu. Baadaye sana ndipo mwalimu aliponiambia kwamba nondo yule hana kinywa. Anatoka akiwa tayari ameshiba maisha yake yote, na zimebaki siku chache tu. Mimi nilikuwa nimemlazimisha uji.

Asubuhi ya Sabato nikafungua mlango wa jikoni, na ukuta haukuwepo.

Ulikuwepo, lakini umefunikwa. Nondo walikuwa wamejipanga juu ya udongo mkavu kuanzia msingi hadi majani ya paa, kahawia na kutu na hudhurungi, macho kwa macho, kila mmoja na vipapasio kama manyoya ya kifaranga. Wengine walikuwa kwenye fremu ya dirisha, wengine kwenye kamba ya nguo, mmoja kwenye kofia ya tata. Walikuwa madume. Yule jike wangu, akiwa kimya chini ya kikapu, alikuwa amewaita usiku kucha kwa harufu ambayo pua ya binadamu haiwezi kuinusa, na kichaka kizima kilikuwa kimeitika. Nilihesabu mpaka arobaini na kitu, nikaacha, maana sikuwa na hakika kama kuhesabu si kazi.

Mama alisimama nyuma yangu. Kisha akasema, “Usiguse.” Tata akatoka, akatazama muda mrefu, akaichukua kofia yake taratibu, akampuliza nondo aende, akaivaa. Tukaenda kanisani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Kemunto hajaliacha mpaka leo. Alikuwa amekaa kwao mlangoni anamenya ndizi. Jumamosi kwake ilikuwa Jumamosi tu. Ningepita na kumsalimia. Badala yake nikasimama, nimevaa gauni jeupe, nikasema, “Kemunto, nenda ukaone ukuta wetu. Halafu uutupe ubao wako.”

Nikaenda kumwabudu Mungu.

Shule ya Sabato ilikuwa ndefu, mahubiri marefu zaidi. Niliomba jua lizame saa nne asubuhi. Niliwaza jinsi nitakavyowapanga, mstari kwa mstari, macho yakimtazama kila mgeni wa maonyesho. Niliimba kwa sauti mpaka mwanamke wa mbele akageuka kuona nani ameokoka.

Tulirudi saa nane. Ukuta ulikuwa ukuta. Kemunto alikuwa amekuja na fagio na debe, na ili asipoteze muda akatumia pareto yetu, kutoka kwenye mkeka wetu. Chini, vumbi la mabawa lilikuwa limetanda kama unga wa mahindi mekundu. Aliniachia yule jike chini ya kikapu. Nilipomvamia kwao alikuwa ameshaanza kuwabandika.

“Nilikuachia mama yao,” akasema. “Sikutaka useme mimi ni mchoyo.”

“Ni wangu wote.”

“Walikuwa ukutani. Mbona hukuwachukua?”

“Ni Sabato.”

“Kwangu ni kesho,” akasema, “na kesho sitawagusa. Naapa.”

Jua lilipozama nilimwendea jike wangu. Mabawa yalikuwa yamechakaa kwa kupigana na kikapu, macho yake yamepukutika, na kwenye nyuzi za kikapu alikuwa ametaga mayai, mengi, ya mviringo, yamepangwa kwa unadhifu kuliko ubao wowote wa shule ile. Hakufaa tena kwa lolote. Nilimuua hata hivyo. Kikapu kilikuwa cha mahindi, kwa hiyo Mama akakimwagia maji ya moto akakisugua.

Ubao wa Kemunto ukashinda. Ukapelekwa kwenye maonyesho siku moja kabla, ukalazwa kwenye hema, na sisimizi wakawala nondo wote usiku ule. Asubuhi ilibaki miiba, na mabawa yametawanyika. Kemunto alisimama kando ya miiba siku nzima akiwaeleza wageni. Nilicheka wiki nzima. Sikufikiria hata mara moja kwamba wale waliokuwa kwenye ubao, na jike wangu, na mayai yake, walikuwa sehemu kubwa ya waliokuwa na mpango wa kurudi mwaka uliofuata.

Mwaka uliofuata nilifukua chini ya miti ile nikapata dudu wawili. Uliofuata huo, mmoja, na alikuwa mkavu. Sijui kama ni sisi. Huenda ni taa za barabarani zilizokuja baadaye, ambazo kila asubuhi chini ya nguzo ulikuta wamelala kama maganda. Huenda ni watu walioanza kukata kuni humo, Disii akiwa mwenzetu na woga umekwisha. Kichaka kilibaki nusu, kisha robo. Nilikwenda sekondari nikajifunza kuchora kipepeo kwa penseli na kuandika majina ya sehemu zake, na nilipata alama nzuri, kwa sababu nilikuwa nimeng'oa kila moja ya sehemu hizo kwa mkono.

Basi mkutanoni. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye duka, alisema stendi italeta biashara, na kwamba baadaye watapanda blugamu kando ili pawe na kivuli. Blugamu. Mti ambao hata kiwavi mwenye njaa anaupita. Nikasimama.

“Mama Nyanchama,” mwenyekiti akasema baada ya kunisikiliza kwa adabu, “hao wadudu wana faida gani?”

“Na wewe una faida gani?” nikamjibu.

Nakiri halikuwa jibu. Watu walicheka, lakini walicheka upande wangu, na ningeishia pale ningekuwa na ushindi wa dakika moja. Kemunto ndiye mpiga chapa wa kamati. Yeye ndiye aliyekuwa ameipiga barua ya kuikata miti, na alikuwa mezani akiandika yanayosemwa. Akaweka kalamu.

“Mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba mama huyu alianza kuwamaliza wadudu hao kwa pareto kabla kamati hii haijazaliwa. Nilikuwepo.”

“Wewe uliua arobaini,” nikasema.

“Niliua. Lakini si mimi niliyesimama hapa kuwalilia.”

Hapo wakacheka wote, na mimi nilikuwa nacheka pia, huku nalia kwa hasira, na Nyanchama akaanza kulia kwa sababu mimi nalia. Mwenyekiti akaomba wanaotaka stendi wainue mikono. Ikainuka mikono kama shamba la mahindi. Mume wangu, anayeuza vipuri vya baiskeli na anaitaka stendi kuliko mbingu, aliinua wake, akaniona, akaushusha nusu, ukabaki hapo hapo kama wa mtu anayejikuna sikio. Ulihesabiwa.

Walikata kwa siku nne. Nilikwenda siku ya kwanza, sikurudi tena. Mkuyu ule mkubwa ulipoanguka, hewa juu yake ilijaa vitu vidogo vinavyozunguka, nikadhani ni majani.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mimi mwenye kujifanya mjuzi, ni kwamba kiwavi hafi mti ukianguka. Jani likianza kunyauka anashuka na kuondoka kwa miguu. Siku ya tano walivuka barabara, wengi kuliko nilivyodhani wamebaki. Weusi, wanene kama kidole gumba, miiba laini mgongoni, madoa mekundu ubavuni. Wengi walikanyagwa na malori. Waliobaki waliingia majumbani, wakapanda kuta, wakapanda vyandarua, mmoja akakutwa kwenye raizoni ya kijana wa jirani, kile kiatu cha kisigino kirefu kama stuli, na kijana mwenye suruali ya kufagia barabara akapiga kelele mpaka mama yake akaja na mwiko. Enzi zetu kijana wa umri ule angemuuliza kiwavi njia ya Nyamira. Nyanchama wangu naye si bora. Alipomwona wa kwanza alinikimbilia akaniambia kuna nyoka mwenye nywele. Nilimweka kiwavi mkononi mwake kwa nguvu, akatapika. Nimemlea mwenyewe, siwezi kumlaumu jirani.

Wanawake walianza kutafuta pareto. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba wasinyunyize. Nikawaambia kwa kinywa changu, nikiwa na haya usoni, kwamba wakiwaona waniite mimi. Basi wakaniita. Halafu wakachoka kuniita, wakaanza kuniletea. Alasiri moja nikiwa nafua, mtu aliweka karai mlangoni na kuondoka. Likafuata la pili. Waliniachia kwenye ndoo, kwenye kopo la maziwa ya unga, mmoja ndani ya gazeti. “Mama Nyanchama, wako hawa.” “Mama wa wadudu, hodi.” Wa mwisho kuja alikuwa Kemunto, bado amevaa viatu vya ofisini, amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kifuniko na jiwe juu yake.

“Walikuwa kwenye mashine yangu ya chapa,” akasema. “Nimewahesabu. Hamsini na wawili. Sasa huna la kunidai.”

Nina mpera mmoja. Niliwaweka humo wote, mamia, matawi yakainama. Mpera si mti wao, wanaula kama mgonjwa anavyokula uji, kwa kulazimika, lakini wanakula. Ukisimama chini yake mchana unasikia sauti kama ya mvua ndogo, na ni meno yao. Mume wangu hapiti upande ule. Nyanchama anakaa mbali juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwatazama, na juzi aliniuliza kama wana mama. Nikamwambia walikuwa naye.

Wakati wetu ungemwaga viwavi mia popote ukaenda zako. Wangepata majani bila msaada wa mtu, kwa sababu majani yalikuwa kila mahali na hayakuwa ya mtu. Tuliua bila kujua kwamba kuna kuisha. Hawa wa leo hawaui, wanaogopa hata kugusa. Wao wamerithi kuisha kwenyewe, tayari, kama nyumba iliyouzwa na wazazi. Sijui kipi kibaya zaidi. Mimi niliua na sasa nalisha, na mikono ni ile ile.

Leo asubuhi mpera umebaki vijiti. Wale wakubwa wameanza kushuka kutafuta udongo laini wa kujifukia, lakini wadogo bado wana siku kumi, labda zaidi, na wamejipanga kwenye ganda la mti wakinyanyua vichwa huku na huku. Nyumba pekee ya karibu yenye mipera ni ya Kemunto. Anayo miwili, imefunga matunda.

Nilikwenda na kikapu kitupu. Alifungua mlango, akatazama kikapu, akanitazama mimi, na alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nilingoja amalize. Kisha akaingia ndani, akatoka na panga na khanga ya kazi, akaifunga kiunoni.

“Mti wa huku,” akasema. “Ule mwingine ni wa watoto.”

Akaanza kukata matawi, mimi nikiokota.